Nusu Mhimili

Karakana ya Garbiñe Aranzeta, pale Eibar,
imebanwa kati ya mlima na mto;
kiwanda juu ya kiwanda, mashine juu ya dari ya mtu.
Novemba. Mvua ile nyembamba, isiyonyesha wala kukoma.

Nilipewa mhimili wa chuma, milimita mia tisa,
niutoboe tundu la milimita nane,
niingie huku, nitokee kule, nisipinde.

Nilianza vizuri. Kekee fupi kwanza, nene, isiyotikisika,
ifungue mdomo, iwe mwenyeji;
ndipo ile ndefu, mgeni mwenye ulimi mmoja,
ipite katika mlango uliokwisha kunyooshwa.
Chuma kizunguke, kekee itulie: ndivyo alivyonifunza.
Mafuta yaingie kwa nguvu, yarudi na chenga,
kila moja mkato wa sentensi ndefu.

Ikatokea.
Milimita tatu kando.
Na kwa nje mhimili unang'aa, mnyoofu kama kiapo.

Garbiñe hakufoka. Aliupeleka kwenye msumeno,
akaupasua kwa urefu kama muhogo,
nikaiona njia yangu yote imelala wazi:
sentimita sitini hazina lawama,
kisha, taratibu, kombo.
"Hapa," akaweka ukucha, "chenga zilibadili sauti.
Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa dirishani. Basi la saa kumi na moja lilikuwa linashuka,
na ndani yake mtu niliyetaka anione.
Sikumwambia. Alicheka hata hivyo.

Nusu moja ameitundika ukutani, kando ya kalenda ya benki.
Ya pili tunazuilia mlango.

Mhimili uliofuata ulinila mchana wote.
Niliweka kiganja juu ya mrija wa mafuta,
nikasikiliza kwa ngozi: mtetemo, mtetemo,
na sauti ilipogeuka nilipunguza mwendo
mpaka iliponirudia.
Basi lilipita. Nadhani lilipita.
Ng'ambo ya mto taa zilikuwa zinazimwa, orofa kwa orofa.

Nikaupangusa, nikauinua, nikafumba jicho moja.
Pete za mwanga, moja ndani ya nyingine,
zinapungua, zinapungua,
na mwisho kabisa, pale nilipotarajia ukuta,
jicho la kahawia, lenye makunyanzi pembeni, linanitazama.

"Nakuona!" nikasema.

"Usiniambie mimi," likajibu jicho. "Kapime."