Dakika Kumi na Moja

Lori namba arobaini na moja husimama
kila Alhamisi, saa kumi na dakika nane alfajiri,
juu ya mlima wa Altyn-Emel,
pasipo mgahawa wala kituo cha mafuta,
dakika kumi na moja.
Si tisa. Si kumi na tano.

Nililiona kwenye skrini:
nukta ya kijani ikawa nyekundu, ikarudi kijani,
kama jicho linalokonyeza.

Mimi Raushan, kazi yangu kuhesabu.
Nakaa ghorofa ya pili, bandari kavu ya Khorgos,
bandari isiyojua chumvi,
kreni zake zanyanyua makontena
juu ya mchanga na theluji.
Zamani tulikuwa na malori arobaini
na daftari la Zhanibek lenye madoa ya chai.
Leo ni mia mbili na sita.
Kila moja lina kijisanduku chini ya usukani,
kidogo kama kiberiti, hakisinzii,
chasema: nimekimbia, nimesimama,
nimekunywa dizeli kiasi hiki,
huyu bwana amekanyaga breki kwa hasira.

Nisijisifu, lakini foleni ya mizani niliivunja mimi.
Malori tisini yalifika pamoja saa kumi na mbili
kwa kuwa karatasi moja kuukuu ukutani
ilisema ndipo lango hufunguliwa.
Lango halijafungwa tangu mwaka juzi!
Hakuna aliyewaambia.
Walikesha injini zikinguruma, miguu isigande,
wakichoma dizeli bila kusogea hatua.
Nikatuma ujumbe wa mistari miwili.
Foleni ikayeyuka kabla ya theluji.

Ndiyo maana nilivimba kichwa.
Nikaandika: namba arobaini na moja,
saa tisa na ushee kwa mwaka, zimepotea bure.
Zhanibek akasoma, akakoroga chai.
"Umemuuliza?"
"Takwimu hazina haja ya kuuliza."
Akaendelea kukoroga, sukari ilishayeyuka zamani.

Januari nikapanda lori hilo.
Turdakhun, miaka thelathini na mmoja, maneno machache,
atafuna mbegu za alizeti,
maganda ayatia ndani ya glavu moja isiyo na mwenzake.
Kileleni akasimama.
Baridi ilinipiga kofi la meno.
Akalala chini ya tela na tochi kinywani,
akavuta kamba ndogo chini ya mtungi wa upepo:
fyuuu,
yakatoka maji, kikombe kizima.
Mtungi wa pili. Wa tatu. Wa nne.
"Yakiganda humu," alisema, "breki unaikanyaga, haiitiki.
Mwaka wa kwanza sikusimama.
Nilishuka kilomita saba
kwa gia ya kwanza na dua."

"Na kwa nini kumi na moja?"
"Mitungi minne, tairi kumi na nane,
sigara moja."

Nikarudi mezani nikafungua jedwali la gereji
ambalo sikuwahi kuliweka karibu na jedwali la njia.
Majedwali mawili, kompyuta moja,
hayakuwahi kupeana salamu.
Baridi mbili mfululizo
namba arobaini na moja haikuingia gereji kwa breki.
Wenzake waliingia mara tano, mara saba,
mmoja aliingia akiburutwa.

Sasa kileleni wote husimama.
Imeandikwa kwenye ratiba, si kosa tena.
"Kumi au kumi na moja?" Zhanibek aliuliza, kalamu mkononi.
"Kumi na moja," nikamwambia.
"Sigara nayo ina haki yake."

Leo asubuhi, namba mia na kumi na nane
imesimama dakika arobaini kando ya daraja la Koktal,
Jumanne ya tatu sasa.
Sijaandika kitu.
Natafuta koti.