Visigino vya Kocha Obitre

Wa ng'ambo, wale wa jukwaa la mabati,
wanauona uso wake:
mdomo wazi, mishipa ya shingo imetuna,
kofia inarushwa, inaokotwa, inarushwa tena.
Kwao Kocha Obitre ni sinema
na kiingilio ni shilingi elfu mbili tu.

Mimi nauza karanga nyuma ya benchi.
Misimu sita sasa nautazama mgongo.

Mgongo una habari zake.
Shati la bluu limeshonwa kwapani kwa uzi mwekundu,
mshono wa mwanamume aliyejishonea usiku, peke yake.
Akipaza sauti, "Ezati! Rudi! Wewe si mgeni hapa!"
vidole vya mkono wa nyuma vinatafutana,
na visigino vinanyanyuka,
vyote viwili, vinatoka kwenye viatu alivyovikanyaga,
kama mtoto anayechungulia juu ya ua
harusi ambayo kwao hawakualikwa.

Arua hii watu husema.
Candia fundi baiskeli anaapa
kwamba ukimwondoa Obitre kwenye ule mstari wa chokaa
timu italala fofofo kabla ya dakika ya kumi.
Mwalimu Driwaru anasema ni utovu wa adabu,
darasa lake la tano siku hizi
likikosa hesabu linarusha kofia chini.
Na vijana wa bodaboda asubuhi walimwita kichaa;
jioni mgeni mmoja kutoka Nebbi akalirudia neno lilelile,
wakamfuata mpaka stendi ya mabasi
kumfundisha kwamba kichaa ana wenyewe.

Siku ya Koboko alivuka mstari.
Hakuvuka kwa ngumi. Mpira ulikuwa unatoka,
mguu wake ukaenda wenyewe, ukaurudisha ndani,
pasi safi, ya kifuani, tukashangilia,
mwamuzi akampa nyekundu.

Jumamosi iliyofuata akapimiwa hatua hamsini
hadi mlangoni pa mashine ya kusaga ya Hajati Medina.
Uwanja wetu hauna ukuta, adhabu hupimwa kwa miguu.
Na mashine ile ikiunguruma
husikii hata njaa yako.
Tukamwona ndani ya wingu la unga
akipunga, akipiga magoti, akisimama,
mdomo unakwenda, neno halifiki.

Benchini Asiku, msaidizi wake,
alikunja mikono kama mtu anayesubiri zamu benki.
Kimya. Nilisikia karanga zangu zikitafunwa.
Ezati akageuka kuutazama mstari,
akaona chokaa.
Akageuka tena, na winga wao akapita
palepale alipokuwa ameacha kutazama.
Bao.

Ndipo ikatoka sauti nyembamba, ya ubaoni:
"Ezati! Rudi! Wewe si mgeni hapa!"
Mwalimu Driwaru, viatu mkononi,
amesimama juu ya ndoo yangu.
Candia akadakia. Bodaboda wakadakia.
Kila mtu akawa na beki wake wa kumgombeza,
kofia zikaruka, nyingine hazikurudi kwa wenyewe,
na mimi, mtu mzima, mama wa watoto wanne,
nilimwaga karanga za elfu tatu
nikionyesha kwa mkono: kushoto, kushoto, kushoto!

Tulifungwa moja bila.

Watu walipotawanyika akaja,
nywele unga, kope unga,
sauti imebaki kama ya mlango.
Akatoa mia tano iliyoloa.
"Nani," akauliza, "alikuwa anapiga kelele namna ile?
Mnawachanganya wachezaji."

Nikamwambia sikumwona.
Nikakunja karatasi, nikajaza, nikamwongezea kiganja.
Alitafuna akiutazama uwanja mtupu,
mbuzi wawili wameshaingia langoni,
na visigino, nilichungulia,
vilikuwa bado havijagusa chini.