Valvu

Siku ile Temeke mpimaji alinyamaza.
Mimi nakujua kunyamaza kwa fundi:
ndivyo ninavyonyamaza nikishafukua
nikakuta bomba limepasuka pasipotarajiwa,
na mwenye nyumba kanisimamia, anauliza, vipi?

Alikizungusha kile kifaa juu ya tumbo la Mwanahawa,
akarudi pale pale, akamwita mwenzake.
Wakasema limau. Wakasema ndizi.
Mke wangu, muuza matunda, akacheka kidogo:
jamani, mna njaa?
Kumbe limau ni umbo la kichwa cha mtoto,
ndizi ni ubongo wa nyuma, umevutwa chini,
na kiunoni pingili tatu hazikukutana.
Mgongo wazi.

Dokta Kibasa alichora nyuma ya kadi ya kliniki.
Mgongo hujifunga kama zipu, alisema,
siku ya ishirini na nane kazi imekwisha.
Mwanahawa akahesabu kwa vidole.
Siku ya ishirini na nane alikuwa hajui lolote,
alikuwa Tabata, msibani, anakatakata vitunguu.
Vidonge vya foliki alipewa mwezi wa nne:
mlinzi kaajiriwa, mwizi keshalala kwake.

Nikauliza, hauzibwi humo humo?
Ziko nchi, alisema, hulifungua tumbo la mama,
wakamshona mtoto, wakamrudisha gizani akaendelee kukua.
Na hapa?
Hapa atazaliwa kwa upasuaji, tutamfunika, tutakimbia naye.
Nikaandika kwenye daftari la kazi, chini ya bei za koki:
tutakimbia naye.

Mtaani walikuwa na elimu yao.
Mama karuka kamba ya mbuzi.
Mama katoka nje mwezi umepatwa.
Shangazi yangu akataja hata jina la mtu.
Basi mtoto alipotoka, analia kilio cha kawaida kabisa,
tukamwita Semeni.
Semeni, mchoke.

Kifuko mgongoni, chembamba kama ganda la kitunguu,
maji yanaonekana.
Sista Nsia akakifunika kwa shashi ya maji chumvi,
akamlaza kifudifudi.
Kesho yake Muhimbili wakamfunga.

Wiki ya tatu kichwa kikaanza kukimbia.
Utepe ukasema thelathini na nane,
ukasema arobaini,
macho yakawa yanazama chini ya kope.
Maji hayana pa kutokea, alisema Dokta.
Nikasema, hilo naelewa.
Mrija utoke kichwani, upite chini ya ngozi,
shingo, kifua, umwage tumboni.
Nikauliza: valvu ni ya njia moja?
Inafunguka kwa presha gani?
Dokta akaweka kalamu chini.
Akaleta moja, akaniwekea kiganjani.
Miaka ishirini nafunga valvu mji huu,
sijawahi kushika moja nikitetemeka.

Semeni sasa ana miaka saba.
Anatembea kwa magongo, haraka kuliko ninavyopenda.
Visigino vyake havijui moto;
mwaka jana alikanyaga kaa la jiko,
tukajua kwa harufu.
Kila baada ya saa nne anaosha mikono,
anashika kioo kidogo, anaingiza mpira mwembamba,
anasubiri mkojo uishe.
Mwenyewe. Mama yake husimama nje, haambiwi kitu.

Choo cha shule hakikuwa na maji wala mlango.
Mwalimu mkuu akanionyesha bajeti,
nikamwonyesha boksi langu la spana.
Jumamosi nikaenda na mabomba mawili,
bawaba, komeo, koki mpya.
Semeni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
ananipa spana, mara nyingi siyo ile niliyoomba.

Koki akaifungua yeye.
Ikakohoa hewa, ikatapika kutu,
kisha maji.

Baba, akasema, na ikiziba?
Nikaanza kumweleza habari za koki:
unafunga kule nje, unafungua hapa, unasafisha.
Nilipoinua macho
kidole chake kilikuwa nyuma ya sikio,
juu ya kile kinundu.

Nikaweka spana chini.
Nikaanza upya.