Pigo la Idwal

Alhamisi, saa nne asubuhi, nafungua ukumbi wa kanisa.
Huku Blaenau mvua haibishi hodi, huingia na wageni.
Nawasha hita. Inakohoa, kisha inakubali.
Viti kumi na viwili kwa duara,
na pengo moja la magurudumu ya Tegwen.

Kazi yangu funguo na ufagio.
Nasimama jikoni na birika,
mlango nimeurudisha nusu.

Heulwen anakuja na kodiani yake.
Huliimba jina la kila mtu,
wala hangoji jibu, hungoja jicho.
Tegwen hujibu kwa dole gumba la mguu:
soksi ya kijani yapanda, yashuka.
Gethin huziba masikio kwa viganja,
ila haondoki; huegemea ukuta
aisikie ngoma kwa mgongo.

Na Idwal. Miaka hamsini na mitatu, kofia ya sufu,
ngoma kaipakata kama mtoto wa jirani.
Wenzake wakipiga, yeye avuta pumzi.
Wakinyamaza, ndipo mkono ushuke:

du.

Mwanzo walimngoja kwa hisani.
Baadaye, kwa hamu.
Siku hizi wimbo hauishi mpaka aufunge yeye.

Mwezi wa pili alilazwa. Mapafu.
Alhamisi ile nilipanga viti kumi na viwili,
mkono haukujua kuhesabu vinginevyo.
Wakaimba, wakafika mwisho,
Heulwen akainua vidole.
Kimya.
Kimya chenye ukubwa wa pigo moja,
na soksi ya kijani imekwama juu, haishuki.

Sijui kilichonipata.
Nilikuwa na sinia la biskuti;
nikaligonga kwa kifundo cha kidole.

Gethin akaondoa viganja masikioni.
Miaka minne, hajawahi kunisemesha.
"Hilo ni la Idwal," akasema.

Nikaomba radhi. Nilistahili.
Uso ulinichoma kuliko birika.
Heulwen hakunitetea; alivuta kiti tu,
akakisogeza kwenye duara, akauliza:
"Na lako je, liko wapi?"

Idwal alirudi Aprili, amekonda, kofia ileile.
Du.
Soksi ikashuka.

Sasa napanga viti kumi na vitatu.
Pigo langu bado sijalipata, nalitafuta mapajani kwa viganja,
na jikoni, birika
linachemka mpaka linakauka.