Akili Iliyohama

Ilianguka kwenye ngazi za udongo pale Kadutu,
mvua inanyesha, mshipi wa mkoba umekatika.
Kioo kikapasuka kama ukoko wa bugali;
bawaba moja ilishika, ya pili sikuiona tena.
Murhula kaka yangu alikwisha kwenda Kalemie.
Aliniachia laptopu hii na neno moja: itunze.

Fundi Zihindula aliilaza tumbo juu,
akafungua skurubu kumi na moja
akazipanga kwenye kifuniko cha mafuta ya kujipaka.
Hapa, dada, ndipo akili yake ilipo.
Kipande cheusi, kinang'aa,
hakizidi ukucha wa kidole gumba.
Nikamwambia: king'oe basi, ukitie kwenye kompyuta kubwa
niliyorithi bila moyo.
Akacheka. Haking'oki. Kimechomelewa kwa risasi.
Huyu haolewi peke yake;
ukimtaka, unahama na ukoo wake mzima.

Tukauhamisha ukoo.
Sanduku alilikata kwenye bati lililobaki paa la shule,
likatoka dogo, Biblia ya mama inalifunika.
Matundu ya hewa aliyatoboa kwa msumari, moja moja,
hadi giza likamkuta ana hamsini na kitu.
Televisheni ya zamani ikawa uso wake.
Na kitufe cha kuwashia ni cha kengele ya mlango,
bado kina jina la familia iliyohama Nguba.
Nikikibonyeza, nusu yangu inangoja mtu aje kufungua.

Jirani yangu Nshombo ana mashine ndefu kama kabati.
Ikiwaka, taa za mtaa zinafumba macho.
Umeme ukikatika (na wewe unajua unakatika)
anakaa ubavuni mwake kama anayekesha matangani.
Yangu ililelewa safarini.
Ilijifunza kula kwa kupimiwa,
kupunguza mwendo bila kuambiwa,
kulala jicho moja wazi nikinyamaza kuandika.
Paneli moja juu ya bati na betri ya gari bovu
zinaitosha tangu barua ya kwanza
hadi sambaza zinapoanza kunukia barabarani.

Mlangoni nimebandika, kwa mkono wangu:

Hati pia matangazo, twaandika pasi shaka,
Umeme si kizuizo, betri yetu inawaka,
Leo lete lako wazo, kesho barua yafika,
Bei yetu si tatizo, njoo tupatane, kaka.

Sisemi haichoki.
Siku ile ya picha mia mbili za harusi ya kina Cibalonza
ilishikwa na homa, feni ikalia kama nzi ndani ya chupa,
bibi harusi akagandia kwenye kioo, mdomo wazi, nusu keki.
Zihindula akaja na dawa yake ya kijivu,
akaipaka kwenye paji la uso.
Ilizaliwa nyembamba, akaniambia,
usiitwishe magunia.
Sikumjibu. Nilikuwa nimebeba ndoo mbili za maji
tangu bomba la chini.

Kitu kimoja tu hakijakubali kuhama.
Kila asubuhi, kabla ya yote,
kabla hata ya kunipa saa na tarehe,
inaandika kwenye uso wake wa kuazima:
Betri yangu siioni. Bonyeza ili kuendelea.
Ile ya tumboni, iliyovimba, tuliyoitupa.
Mwezi wa nane sasa, inaiulizia.
Zihindula anasema anaweza kuinyamazisha,
dakika mbili, bila malipo.
Nimemwambia aache.

Simu ya mwisho ya Murhula ilikuwa ya Novemba,
sauti imejaa upepo.

Nabonyeza.
Inaendelea.
Mama mmoja yuko mlangoni, viatu mkononi kwa tope,
anataka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu.
Jina la baba? namwuliza.
Anakitazama kisanduku, anakizunguka, anachungulia nyuma yake.
Mwingine wote uko wapi?
Ni hiki tu, mama. Sema jina.