Robo na Thumuni

"Mmeelewa?"
"Ndiyooo, mwalimu!"
Ndiyo moja, vinywa arobaini na kimoja,
ndiyo yenye mvuke, maana Julai ya Makete
haina neno lisilotoka na moshi wake.

Miaka tisa nimeipokea ndiyo hiyo
kama sadaka kapuni, bila kuhesabu,
nikafuta ubao, nikabeba chaki zangu.
Leo sikutoka.
Jana nilisahihisha madaftari:
thumuni, wameandika, ni kubwa kuliko robo,
kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne.
Thelathini na watatu waliandika hivyo.
Wote walikuwa wamesema ndiyo.

Nikabandua ukutani kalenda ya mwaka jana,
ile kubwa ya duka la mbolea,
nikaikata: Machi nzima, na Aprili siku kumi,
siku moja kwa mtoto mmoja, upande mweupe juu.
"Msiandike majina. Niambieni mlichoelewa.
Kama hamkuelewa, niambieni hicho."

Kimya. Hata Obadia Chaula, ambaye hukohoa
kila swali linapomkaribia, hakukohoa.
Penseli zikaparura
kama kuku kwenye maganda ya mahindi.

Nilizisomea ofisini, miguu karibu na jiko.
"Ndiyo." "Ndiyo." "Nimeelewa sana mwalimu."
Mpira wenye mabaka, umechorwa vizuri kweli.
Karatasi tupu yenye dole gumba la masizi,
kama mtu anayetia sahihi mkopo asioweza kuusoma.
Mmoja: "Mkate wa mama ukikatwa kwa wanne nashiba.
Akija mjomba na wanawe tunakuwa wanane,
nalala nauota. Robo ni kubwa."
Nikacheka peke yangu, nikampa vyema
mtoto nisiyemjua.
Mwingine: "Ukiuliza umeshika mlango
tunajua jibu unalolitaka."
Hiyo nikaiweka chini ya kikombe.
Nikaitoa. Nikaisoma tena.

Ya mwisho ilikuwa na mwandiko unaolalia kushoto,
na mwandiko kama huo hauhitaji jina.
Tulinave Luvanda, dawati la tatu, dirisha lisilo na kioo.
"Robo na thumuni nimeelewa.
Sijaelewa hili: sakitu imeunguza nusu ya viazi vyetu.
Mbona deni la mbolea halikubaki nusu?"

Kalamu nyekundu ikaganda hewani.
Vyema? Kosa?
Swali liko nje ya mada, ndivyo angesema mkaguzi,
na mada, Mungu anisamehe, iko nje ya shamba.
Nikachukua tarehe kumi na moja Aprili,
iliyokuwa imebaki mezani haina mtu,
nikaandika: Sijaelewa.
Nikaichomeka katikati ya zao,
zikawa arobaini na mbili.

Jioni, njia ya bondeni, nikakutana na mama yake,
jembe begani, kanga mbili juu ya sweta,
matope yamempanda mpaka magotini.
"Kamwene, mwalimu. Habari za shule?"
"Nzuri," nikasema, upesi,
kwa sauti ya darasa zima.
"Za shamba?"
"Nzuri."
Nyuma yake matuta yalikuwa meusi,
majani yamejikunja
kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto,
harufu ya viazi vilivyoanza kuoza imetuama,
nasi tumesimama katikati ya nzuri zetu mbili.

Alikuwa ameshapiga hatua ya kuondoka.
Sikuwa na mlango wa kushika.
Nikauliza tena.