Kadi Ninayoikataa

Mlangoni pa duka langu la mikate, mtaa wa Columbia,
Fall River, Massachusetts, nimebandika vibandiko viwili:
kadi ya buluu, karibu; ya machungwa, karibu.
Cha tatu nilikibandua kwa kisu cha siagi
mwaka ule bei ya mayai ilipopaa,
na gundi yake ingali kiooni,
mraba wa uchafu usiosikia sabuni.

Nina hesabu, sina chuki.
Mkate mtamu mmoja, dola saba.
Ya buluu hukata senti kumi na tatu,
na kumi nyingine kwa kuigusa tu mashine.
Ya machungwa hukata kumi na tano, halafu mwisho wa mwezi
huniletea ada yenye jina refu kuliko la askofu.
Ya fedha, ile nzito inayolia ting! ikidondoka kaunta,
hutaka senti ishirini na tano,
kisha humzawadia mwenye nayo safari ya ndege
kwa unga wangu.
Haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba cha nani.

Bwana Thibodeau huja nayo kila Jumamosi,
huinua ile ya fedha kama mtu anayebahatisha bahati nasibu.
"Bado, Deolinda?"
"Bado."
Hupapasa mifuko, hutoa noti zilizokunjamana
zenye harufu ya tumbaku,
nasi tunamalizana wawili,
hakuna wa tatu anayenyoosha mkono.

Sasa niseme juu ya simu.
Februari, keki ya harusi, ngazi nne,
dola mia sita na arobaini. Ililiwa, watu wakacheza,
kisha bwana harusi akawaandikia wa buluu
kwamba keki hakuiona.
Pesa zikarudi kwake usiku huohuo,
mimi sikuulizwa hata ilikuwa na ladha gani.
Nikapiga simu saa kumi na moja alfajiri, mikate ikiwa tanurini.
Bonyeza moja. Bonyeza nne. Kinanda.
Sauti ikanishukuru kwa subira
ambayo sikuwa nayo.
Trei mbili ziliungua,
na kijana aliyepokea mwishowe
akaniomba picha ya watu wakiila.
Rahisi huvunja upishi:
niliuelewa msemo huo nikiwa ndani ya moshi.

Wa machungwa wana adabu zaidi.
Hujibu baada ya siku tatu,
kwa barua ileile.

Lakini mwaka juzi, Ponta Delgada, nilipokwenda kumzika mama,
mkoba wangu uliibwa kituo cha teksi.
Nilikuwa na namba moja tu kichwani
na simu ya kuazima kwa muuza maua.
Mlio wa pili, mwanamke akapokea.
Akasema anaitwa Lorna, yuko Tulsa, huko kunanyesha.
Hakuanza na namba ya kadi.
Alianza na, "Uko salama, mama?"
Kesho yake saa nne mvulana wa pikipiki
akaleta bahasha hotelini,
nami nikalipia jeneza.

Ilikuwa ya fedha.

Ndiyo, ninayo. Hukaa nyuma ya leseni ya udereva.
Kila Septemba nailipia ada ya mwaka
kimyakimya, kama mtu anayelipia kaburi,
na Thibodeau sijawahi kumwambia.

Jana nilivuka barabara kwa Cardoso mchinjaji,
ratili nne za soseji, mkono ukaitoa
kabla akili haijafika.
Akaitazama. Akanitazama.
Akanyoosha kidole chenye mafuta kuelekea mlango wake:
vibandiko viwili
na mraba wa gundi.
"Hata wewe, Deolinda," akasema,
na sikujua kama ni swali au salamu.

Nikapapasa mifuko.